Movie Maker ya Kuokota

Mwalimu alikuja dukani Jumanne saa nne asubuhi, laptopu yake ndani ya mfuko wa kitambaa, na diski ya nje ameifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba dawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akakaa kwenye benchi la wateja wanaosubiri picha za pasipoti. Mwalimu hakai kabla hajauliza hali ya mama yangu. Siku ile alikaa kwanza.

"Binti yangu, nimeharibu," akasema. "Nisaidie kabla ya Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa arobaini ya mkewe.

Nina duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti, na zaidi ya yote video za harusi na za kumbukumbu. Nimekaa na kompyuta za watu miaka mingi, na naandika haya kwa sababu yaliyompata Mwalimu nimeyaona yakiwapata wengine, kwa sura tofauti, na karibu kila mara aliyepatwa ndiye anayejilaumu. Mwalimu hakuwa na kosa la kujilaumu hivyo.

Mwaka 2013 yeye na mkewe walikuwa wakikaa jioni na albamu zao za zamani. Kijana wao aliwaskania picha, akawaonyesha Movie Maker, programu ya Windows ya kutengenezea video, na marehemu akawa anasimulia kwenye maikrofoni: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Kazi ile haikwisha. Kijana alihamishwa kikazi, kompyuta ikafa, lakini kabla haijafa folda nzima ilinakiliwa kwenye diski ya nje. Ndani yake kulikuwa na picha, mafaili ya sauti, na faili moja lililoishia na .wlmp. Hilo la mwisho ndilo mradi wenyewe wa Movie Maker, yaani mpangilio wa kazi kabla haujageuzwa kuwa video. Video haikuwahi kutolewa.

Baada ya mazishi wajukuu wakaomba kumsikia bibi yao. Mwalimu akanunua bando, akaandika kwenye Google jina la programu aliyoikumbuka, akabofya jibu la juu kabisa, akapakua, akasakinisha. Sura ilikuwa ileile. Akafungua mradi wake, na mahali pa picha akakuta visanduku vitupu. Mzee wa miaka 74 akakesha siku mbili akirudisha picha moja moja. Alipobofya kuhifadhi, programu ikamwambia alipe karibu dola 30. Akaingiza namba za kadi anayopokelea pensheni. Malipo yalikataliwa, kwa kuwa kadi ile haikuwa imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Tangu hapo laptopu ikaanza kufungua matangazo yenyewe, na kila alichotafuta kikampeleka kwenye mtandao asioujua.

Movie Maker haijawahi kuuzwa. Microsoft walikuwa wakiitoa bure tangu ilipozaliwa na Windows Me mwaka 2000. Kwa hiyo aliponitajia dola tu, nikajua kwamba kilichomo kwenye laptopu ile, hata kiwe na sura gani, hakikutoka kwa Microsoft.

Kwanza nilizima Wi-Fi ya laptopu. Pili nikampa simu, akaongea na benki yake wafunge kadi na kumwandalia nyingine. Tatu tukabadilisha neno la siri la barua pepe yake, na hilo tulilifanya kwenye simu, kwa sababu kubadilisha neno la siri kwenye mashine yenye programu mbaya ndani ni sawa na kumtajia mwizi ufunguo mpya. Halafu nikaiondoa ile programu pamoja na vingine viwili vilivyoingia nayo siku moja, na nikawasha ukaguzi wa Microsoft Defender ule unaoizima kompyuta na kuiwasha upya kabla Windows haijasimama. Diski ya nje sikuichomeka popote mpaka hayo yote yamekwisha.

Wakati ukaguzi unaendelea, Mwalimu akaniuliza swali ambalo tangu siku ile sijaacha kulifikiria. "Kama ni ya bandia, imekuwaje iwe ya kwanza?"

Movie Maker ilikoma tarehe 10 Januari 2017, Microsoft walipofunga Windows Essentials 2012, kile kifurushi kilichokuwa na Movie Maker ndani yake. Ukurasa wa kupakulia ukaondolewa. Lakini watu hawakuacha kuitafuta. Mamilioni walikuwa wamejifunzia hapo, nami mmoja wao: video ya kwanza niliyolipwa, harusi ya binti ya shangazi yangu, niliikatia kwenye Movie Maker. Kwa hiyo jina likabaki na wanaolitafuta, na mwenye jina ameshaondoka mlangoni. Mtambo wa kutafuta unapouliza ni nani anayezungumzia jina hili na kulitolea faili la kupakua, anayejitokeza ni yeyote aliyejiweka hapo.

Haya si makisio yangu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 2017, kampuni ya usalama ya ESET ilitoa taarifa kuhusu tovuti iliyokuwa ikigawa Movie Maker iliyochezewa. Ilikuwa imepanda juu kwenye matokeo ya Google. Programu yenyewe ilifanya kazi, ila ilimsumbua mtumiaji aboreshe toleo, na alipotaka kuhifadhi kazi yake ikamdai dola 29.95. Israel iliathirika sana, na Ufilipino, Finland na Denmark pia zilitajwa. Niliposoma hayo nilimwona Mwalimu kabisa, na usiku wake wa kurudisha picha.

Watu wengi wakiambiwa programu fulani imeachwa, wanaelewa kwamba imezeeka, kama baiskeli: inapiga kelele lakini inakwenda. Wanaona hasara ni kukosa mambo mapya. Mimi nasema uzee ndio upande mdogo wa tatizo. Programu ikiachwa na mwenyewe, vitu viwili vinakosa mlinzi kwa wakati mmoja: programu yenyewe, na njia ya kuifikia. Cha pili ndicho kilichomkuta Mwalimu, na ndicho kisichosemwa sana. Hukupakua programu ya zamani. Umepakua kile ambacho mtu usiyemjua amekiita kwa jina la programu ya zamani.

Cha kwanza nacho si kidogo. Mfano ninaopenda kuwapa vijana wanaokuja kujifunza dukani ni TrueCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa siri ambayo ilitumiwa na waandishi wa habari, mawakili, na watu wa kawaida wengi. Tarehe 28 Mei 2014 waliokuwa wakiitengeneza, ambao hawakujitambulisha hadharani, waliweka onyo kwenye ukurasa wao kwamba kuitumia si salama kwani huenda ina kasoro ambazo hazijarekebishwa. Wakaondoka. Wengi hawakukubali. Ukaguzi huru wa msimbo wake, yaani maandishi yanayoijenga programu, ukaisha mwaka 2015 bila kukuta mlango wa siri uliowekwa makusudi, na watu wakapumua: kumbe ni nzima, tuendelee nayo. Septemba mwaka huohuo James Forshaw wa Google akapata matundu mawili, yaani kasoro za usalama, kwenye sehemu inayoingia ndani ya Windows, na moja lilimwezesha mtu kujipandisha hadi kuwa na mamlaka yote ya kompyuta. Sasa, TrueCrypt ilikuwa na mtoto, VeraCrypt, iliyoanzishwa na Mounir Idrassi kutoka msimbo uleule. Matundu yaleyale yalikuwemo kwa wote wawili. VeraCrypt ikazibwa kwenye toleo la 1.15. TrueCrypt haikuzibwa, na haitazibwa.

Tena kuna ubaya ndani yake: tundu likitangazwa ili wenye VeraCrypt wasasishe, kila mtu duniani amejua sasa mwenye TrueCrypt anaingiliwa wapi.

Sisi wa video tulikuwa na letu. QuickTime ya Windows, programu ya Apple ya kuchezea video, ilikuwa kwenye kila kompyuta ya kuhariri, kwa sababu bila hiyo programu nyingi hazikusoma faili za MOV za kamera. Aprili 2016 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitangaza matundu mawili ndani yake, na kwamba Apple haitayaziba kwani imeacha kuitunza kwa Windows. Serikali ya Marekani ikawashauri watu waiondoe kabisa. Mimi niliiona taarifa ile na nikaiacha QuickTime mahali pake karibu mwaka mzima, nikiogopa kazi za wateja zisifunguke. Hakuna kilichotokea, lakini nisingependa mtu ajifunze usalama kwa bahati yangu.

Ndiyo maana sipendi kuwasema watu wanaong'ang'ania programu za kale. Wana sababu, na mara nyingi sababu hiyo si uvivu. Mwalimu hakuitaka Movie Maker. Alichotaka kimefungiwa ndani ya faili ambalo aliambiwa linafunguliwa na Movie Maker peke yake. Mhasibu wa saccos anayeng'ang'ania programu ya mwaka 2004 anataka daftari la wanachama. Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, baada ya Adobe kuizima Flash, programu yao ya kuendeshea michezo na fomu kwenye kurasa za mtandao, mwanzoni mwa mwaka 2021, ilitoa kivinjari chake maalumu ili fomu zake za kodi zilizojengwa kwa Flash ziendelee kufunguka. Taasisi nzima ya serikali! Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza anayekuja na jina la programu iliyokufa ni hili: ndani yake kuna nini chako?

Chake Mwalimu tulikipata kwa Notepad.

Ukaguzi ulipokwisha nilichomeka diski kwenye kompyuta yangu, nikalinakili lile faili la .wlmp na kuifungua nakala kwa Notepad, programu ileile ya kuandikia maandishi matupu iliyomo kwenye kila Windows. Mradi wa Movie Maker ya miaka ile ni maandishi. Unaona mistari mirefu yenye alama za mabano, na ukitulia unaanza kusoma. Kila picha ina mstari wenye neno filePath, kisha njia nzima: C, jina la kijana wao, folda ya Pictures, jina la picha. Hapo ndipo nilipojua kwa nini visanduku vilikuwa vitupu. Mradi haubebi picha, unataja tu mahali zilipokaa mwaka 2013, kwenye kompyuta ambayo haipo tena. Chini zaidi kuna orodha nyingine, picha kwa zamu yake, na neno duration lenye idadi ya sekunde. 12. 20. 31. 9. Walipima kila picha kulingana na maneno ya Bibi. Moja tu ilinishangaza: sekunde 184. Dakika tatu na ushee kwa picha moja. Nikadhani ni kosa la kidole, nikaiandika pembeni na alama ya kuuliza.

Faili za sauti nazo zilitajwa, zenye mwisho wa .wma, na zote zilikuwemo kwenye diski. VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video, ilizicheza bila swali.

Kwa maneno mengine, hatukuwa na haja ya Movie Maker hata kidogo. Tulihitaji orodha, nayo ilikuwa mbele ya macho yetu. Si kila faili la kale liko hivyo. Miradi ya matoleo ya zamani zaidi, yenye mwisho wa .mswmm, haisomeki namna hii kwa jicho. Lakini kujaribu kufungua nakala ya faili kwa Notepad hakugharimu kitu, na wengi hawajui kama inawezekana.

Video yenyewe nikaijenga upya kwa Shotcut. Hiyo ndiyo ninayowapa watu waliotoka Movie Maker. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, Dan Dennedy na wenzake wanaitunza hadi leo, na inakwenda kwenye mashine za hali ya kati ninazoziona hapa mtaani. Inapokuwa nzito, ina njia ya kuhariria nakala nyepesi za video kisha mwisho ikatoa zile nzito. Mtu aliyezoea Movie Maker atatatizika siku ya kwanza, kwa sababu vidirisha vyake havijitokezi mpaka uviite. Siku ya tatu ameshasahau. Kdenlive ina uwezo zaidi na ndiyo ninayotumia kwa harusi. OpenShot ni rahisi kwa sura, ingawa kwangu imekatika katikati ya kazi mara nyingi mno hata nisiipendekeze. Clipchamp, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2021 na kuiweka ndani ya Windows 11, ndiyo inayofanana na Movie Maker kwa wepesi, na inatoa video ya 1080p bila malipo, lakini inataka akaunti na intaneti, na kwa mtu wa bando la siku hilo ni jambo la kupimwa.

Kwa mengine niseme kwa haraka. Aliyekuwa na TrueCrypt aende VeraCrypt. Anayetafuta Picasa, programu ya kupanga picha ambayo Google waliiacha mwaka 2016 na bado nusu ya steshenari ninazozijua zinapangia picha za pasipoti, aijaribu digiKam kwa kupanga albamu. Mwenye michezo na masomo ya Flash aitafute Ruffle, inayoyafungua mengi kati yake bila kuirudisha Flash yenyewe. Na usitafute kwa jina la programu iliyokufa pamoja na neno "download". Andika anwani ya tovuti ya watengenezaji wewe mwenyewe, shotcut.org au kdenlive.org, kwa sababu ukitafuta unarudi palepale pa Mwalimu, kwenye foleni ya waliojipanga kukupokea.

Ipo siku huna njia, unaihitaji ileile ya kale. Mimi ninayo mashine moja ya Windows 7, ya skana ambayo kiwanda kimeacha kuitengenezea programu. Haijui intaneti. Waya wa mtandao nimeung'oa na Wi-Fi imezimwa, na picha zinatoka kwa flashi ambayo naikagua kwenye mashine nyingine. Kuhusu faili la kusakinishia, kama ni la Microsoft, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, tafuta Digital Signatures. Likiwa halali litaonyesha Microsoft Corporation na kusema sahihi ni nzima. Likiwa halina ukurasa huo, au jina ni la mtu mwingine, lifute. Na maelekezo yakikuambia uzime antivairasi kwanza ndipo usakinishe, hapo usiendelee, hata kama aliyekupa flashi ni rafiki yako. Kwenye flashi za "full na kreki", yaani za programu zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa, zinazozunguka mjini nimekuta mengi ambayo rafiki mwenyewe hakujua anayabeba.

Hili sasa limekuwa kubwa kuliko video. Windows 10 yenyewe imefikia mwisho wa matunzo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za maduka kama langu hazikubaliki kwenye Windows 11. Wenye nazo wanaweza kujiandikisha kwa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo mimi mashine mbili nitaziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na nimeshaijaribu moja: Kdenlive inakwenda, LibreOffice inakwenda, printa imekubali. Naomba wenzangu wa steshenari walifikirie hili mapema, kabla mtu hajawapitia na flashi yenye "Windows 11 ya mashine kuukuu".

Ijumaa baada ya sala ya alasiri Mwalimu alirudi. Nilikuwa nimepanga picha zote kwa zamu yake na kuziwekea sauti, imebaki kuhakiki. Nikampa spika za masikioni, akakataa, akasema nifungulie tu. Bibi akaanza: huyu dada yangu, hapa tuko Pangani, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mwalimu akatazama sakafu.

Tukafika kwenye ile picha ya sekunde 184. Ni yeye na mkewe wamesimama mbele ya shule, vijana. Bibi akasema, "Na hapa ndiyo mwaka tulio..." kisha akanyamaza. Nyuma yake, kwa mbali, ikaanza adhana ya magharibi. Akanyamaza mpaka imekwisha, unasikia kiti kikilia mara moja, halafu akaendelea, "...mwaka tuliooana, Mwalimu ameazima suruali ya kaka yake."

Nikamuuliza kama nikate ule ukimya, video isiwachoshe wageni.

"Uache," akasema. "Uache wote."

Nikauacha, nikabofya kutoa video, na tukakaa kuisubiri ifike asilimia mia.